Shahidi Aliyeitwa Mara Tatu

Siku ile mjinga alikuwa Fundi Mwalami. Jambo hili halina ubishi, kwa sababu mwenyewe hulikiri bila kuombwa: amelikiri mbele ya wateja, mbele ya wakwe, na mara moja mazikoni, katikati ya dua. "Tulikuwa wengi pale uwanjani," husema, "lakini mjinga wa kwanza nilikuwa mimi. Cheo hicho msininyang'anye."

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwa woga, hasha. Ni kwamba kulitaja kunahitaji kibali, na dirisha la vibali hufunguliwa saa nne kamili asubuhi na kufungwa saa nne hiyo hiyo. Itoshe kusema kuwa ni nchi ya watu wanyofu, yenye misimu miwili ya mvua na wizara arobaini na moja, na kwamba ile ya arobaini na moja ndiyo iliyozaa kisa hiki: Wizara ya Tawakali na Mambo Yasiyoandikwa.

Waziri wake alikuwa Mtukufu Mfaume Ngwali, mtu mnene mwenye sauti laini kama samli ya moto. Alijaliwa kipaji cha kulia hadharani. Ijumaa alilia, Jumapili alilia, ili pasiwe na dini itakayolalamika kwamba imenyimwa machozi ya Serikali. Mtu huyu ndiye aliyegundua kinachoiangusha nchi. Hakikuwa njaa, wala shule zisizo na paa, wala ile barabara kuu ambayo imekuwa ikizinduliwa kila mwaka tangu kabla haijaanza kujengwa. Ilikuwa shaka.

"Watu wangu mnaandikiana!" alilia bungeni. "Mtu na ndugu yake wanapatana, kisha wanachukua karatasi! Karatasi ya nini? Mungu hakuwasikia?"

Wabunge wakainamisha vichwa kwa haya. Sheria ya Tawakali ikapita siku hiyo hiyo, kwa makofi, maana kura zingebidi kuandikwa. Kifungu cha kwanza kilisema ni marufuku raia kuandikiana jambo lolote kwa karatasi, wino au kalamu. Cha pili kilisema wakipatana, wapigane viganja mara tatu na watamke, "Mungu shahidi." Cha tatu, kifupi kuliko vyote, kilisema Serikali yenyewe itaendelea kuandika, kwa kuwa haina roho, na kisicho na roho hakiwezi kuingiwa na shaka.

Mwanzoni watu walifurahi. Maisha yakawa mepesi, isipokuwa kwa wagonjwa. Mgonjwa akitoka kwa daktari alinong'onezewa jina la dawa, akaenda akilikariri njiani kama mtoto wa chuoni, na akisalimiwa na watu wawili tu, alifika dukani na jina la dawa nyingine. Lakini nani angelalamika? Kupona nako ni kwa Mungu.

*

Fundi Mwalami alikuwa mtengeneza makufuli. Si haya ya dukani yanayofunguka ukiyakoholea. Makufuli ya kufua kwa mkono, yenye ndimi tatu au nne, ambayo mwizi akiyaona huomba radhi na kurudi kwao. Kazi aliirithi kwa babaye, na babaye kwa babu, pamoja na mila moja ambayo mafundi wa ukoo wao hawakuiacha hata walipoacha mengine mengi. Kabla ya kuliziba tumbo kufuli, fundi huchonga ndani yake kwa tindo kitu kinacholindwa na ni cha nani. Hachongi kabla kitu hicho hakijawekwa mahali pake; kufuli halidanganywi. "Kufuli lisilojua linalinda nini," wazee wake walisema, "husinzia." Maneno hayo hayasomwi na mtu. Hukaa humo gizani, bati la tumbo likigongewa misumari juu yake, mpaka kufuli life.

Basi alipoitwa nyumbani kwa Waziri kuagizwa kufuli la ndimi saba, alikwenda mbio na kipimo chake mkononi.

"Ni la Chumba cha Kupumzishia Hati," Waziri alimweleza. "Hati za nyumba, za viwanja, za mashamba. Zimechoka, Fundi. Zimebeba nyumba zetu mgongoni miaka yote hii. Serikali imeonelea zipumzike mahali pamoja, penye kivuli."

"Ni wazo jema, Mheshimiwa."

"Na ukimaliza hilo, nitengenezee mengine manne ya hapa kwangu. Mlango wa mbele, wa nyuma, ghala, na banda la mbuzi."

Mwalami, ambaye ulimi wake ulikuwa na desturi ya kufika kabla ya akili, aliuliza, "Na tawakali, Mheshimiwa?"

Waziri alitabasamu bila kuudhika hata kidogo. "Mungu namtegemea kabisa, Fundi. Majirani ndio siwategemei."

Mtu mwingine angeyatia maneno hayo mfukoni na kwenda kuyatafakari. Mwalami aliyacheka, akapima milango minne, akaenda zake. Ndiyo maana nasema siku ile, ilipofika, haikumkuta bila kuonywa.

*

Siku yenyewe palikuwa na tarumbeta, hema, na viti vya watu wa viti. Kufuli la ndimi saba lilikuwa mlangoni, tumbo bado wazi, Mwalami amesimama kando na sanduku lake la zana akingojea kugongea misumari ya mwisho. Waziri alihutubia kwa saa mbili. Alilia mara tatu. Kisha akanyoosha mikono na kuuliza:

"Nani atakuwa wa kwanza? Nani miongoni mwenu ana imani kubwa kuliko karatasi yake?"

Watu wakatazamana. Kila mmoja akagundua ghafla jambo la kuangalia kwenye kucha zake. Na pale, katikati ya ule ukimya, moyo wa Mwalami ulimjaa. Alikuwa mcha Mungu kweli, hilo nalo nisilifiche, hakuwa akiigiza. Alimwona babaye akimtazama kutoka alikokwenda. Akatupa nyundo chini, akakimbia nyumbani.

Mkewe, Siwatu, alikuwa barazani akisuka ukili wa mkeka.

"Unatafuta nini sandukuni kwangu?"

"Hati ya nyumba."

"Ina nini?"

"Inakwenda kupumzika."

"Nani kakwambia imechoka?"

Lakini Mwalami alikwisha kutoka. Siwatu akauweka ukili chini, akajitanda kanga, akamfuata. Huyu Siwatu, nimseme kidogo, alikuwa mwanamke wa kuswali sala zake tano na za ziada, akisha kuswali akatia makomeo mawili. Mumewe alizoea kumtania kuwa komeo la pili ni la kumfungia Mungu nje. Yeye humjibu, "Mungu si mlinzi wako wa getini, Baba Mwanakheri. Huyo ana kazi nyingine."

Alifika uwanjani na kukuta mumewe ameinuliwa juu juu kama bwana harusi. Karani wa Wizara, kijana mwembamba mwenye tai, alikuwa ameipokea hati na anaitia ndani. Siwatu akapenya mpaka mbele.

"Mwanangu, samahani. Stakabadhi je?"

Karani alishika kifua kana kwamba amechomwa mwiba. "Mama! Stakabadhi ni mtoto wa shaka!"

Uwanja mzima ukazomea. Tarumbeta likapigwa. Waziri akatikisa kichwa kwa huruma, chozi la nne likamtoka.

"Siwatu, usinitie aibu mbele za watu," Mwalami alimnong'oneza.

"Sikutii. Wewe funga kazi yako, twende." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekumbusha chumvi, "Lakini humo ndani sasa mna kitu, na kufuli bado halijajua."

Ilikuwa kweli. Mwalami akachukua tindo. Palikuwa na nderemo, Waziri anapigana naye kiganja cha kushoto huku kwa mkono wa kulia anachonga. Kwa watu wote ilikuwa fundi anamalizia kazi. Alichonga bila kufikiri, kama mtu asemavyo bismillahi huku tonge liko kinywani. Akaliziba tumbo. Akagonga misumari. Mungu shahidi, Mungu shahidi, Mungu shahidi. Alipofika nyumbani alikwisha kusahau.

Nyuma yake watu walijipanga mstari. Wa pili alikuwa jirani yake Bi Mashavu, mjane mwenye nyumba ya vyumba viwili na mwarobaini. "Kama Fundi katia yake," alisema, "mimi nani?" Kufikia jioni zilikuwa zimepumzishwa hati mia nne na kumi na mbili.

*

Miezi minane ilipita. Mwezi wa tisa ikaja ilani, imeandikwa kwa mashine, ina mihuri mitatu. Ilisema kwamba kwa mujibu wa daftari la Serikali, nyumba ya kona ya mtaa wa Kisimani ni mali ya Bwana Chande Ngwali, ambaye kwa bahati njema alikuwa mtoto wa kaka yake Waziri, na kwamba "mpangaji asiye na hati anayeitwa Mwalami" anapewa siku thelathini za kuhama.

Mwalami aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Mlango huo aliupachika yeye na babaye. Kwenye mwimo wa kushoto palikuwa na alama za tindo za vimo vya watoto wao watatu, mwaka hadi mwaka, zikipanda kama ngazi. Isipokuwa za Mwanakheri, ambazo ziliishia usawa wa kiuno cha mtu mzima na hazikupanda tena. Watoto wawili walikwisha kuoa na kwenda zao. Huyu wa tatu ndiye aliyebaki nyumbani, hapo mwimoni. Mwalami aliiweka ilani chini na kupitisha kidole kwenye ile alama ya mwisho, kama alivyokuwa akifanya kila akitoka kwenda kazini.

Alikwenda Wizarani. Dirishani alimkuta yule yule karani, tai mpya.

"Mimi ndiye yule wa kwanza," Mwalami alisema. "Niliyepumzisha hati. Mlinibeba."

"Hongera. Una stakabadhi?"

"Wewe si ulisema stakabadhi ni mtoto wa shaka?"

"Mimi?" Karani alishangaa kwa dhati. "Nilisema? Imeandikwa wapi?"

Mwalami alirudi nyumbani, akaketi barazani, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, majirani hawakusikia mzaha wake. Alikula kidogo, akaswali sana. Kilichomtafuna hakikuwa nyumba peke yake. Alimwambia Siwatu siku ya nne, macho yakiwa kwenye ukili wake:

"Nilimweka Mungu shahidi, Siwatu. Kwa kinywa changu, mara tatu. Sasa nikilalamika namlalamikia nani? Nikisema nimedhulumiwa, si nasema na shahidi wangu alilala?"

"Nenda mahakamani."

"Na nikienda mahakamani, si ndiyo nimekufuru kabisa?"

"Ukiumwa jino unakwenda wapi?"

"Kwa mganga wa meno."

"Na Mungu unamwachia nini?"

Mwalami akafikiri. "Maumivu."

"Basi kesho nenda mahakamani," Siwatu alisema. "Nami nitakuja kukaa nyuma."

*

Hakimu aliitwa Sudi Mwekwa. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu, na shabaha yake ilikuwa kufika huko bila kukosewa jina gazetini. Hakupenda haki wala dhuluma. Alipenda maandishi. Sheria ikisema "mbuzi," kwake kondoo alikuwa huru.

"Una ushahidi gani?" alimuuliza Mwalami.

"Mungu shahidi, Mheshimiwa. Ndivyo sheria ilivyotuamuru kusema."

Hakimu akafunua kitabu. Ni kweli, ndivyo ilivyoamuru. Akageuza kurasa mbele, akageuza nyuma, akavua miwani.

"Sheria inasema Mungu ni shahidi. Na sheria ya ushahidi inasema shahidi aitwe mahakamani. Sioni palipoandikwa kwamba huyu asiitwe. Karani, andika wito."

Mahakama haikucheka. Katika nchi ile watu walikwisha kuacha kucheka mahali penye bendera. Wito ukaandikwa, nakala tatu, ukakabidhiwa tarishi wa mahakama, mzee mwaminifu aliyekuwa hajawahi kurudi na wito mkononi. Alizunguka siku sita. Alikwenda msikitini, akaambiwa asubiri baada ya sala. Alikwenda kanisani, akaambiwa aache jina. Alipanda kilimani, akateremka. Siku ya saba aliwasilisha taarifa yake, nayo imo faili mpaka leo: "Shahidi anapatikana kila mahali, kwa hiyo haikuwezekana kumpata mahali pamoja."

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Waziri mwenyewe alikuja na leso mbili. Bi Mashavu alikuwepo, ambaye naye alikuwa amepata ilani wiki ile, na nyuma yake wengine wengi wa ule mstari, kila mmoja na karatasi yenye mihuri mitatu imekunjwa kiganjani.

"Shahidi aitwe," Hakimu alisema.

Tarishi akatoka mlangoni, akashika kiuno, akaita kwa sauti ya kazi, ile ile anayowaitia wezi wa kuku. Akaita mara moja. Wauza mihogo wa nje walinyamaza. Akaita mara ya pili. Mwalami alisimama kizimbani jasho likimteremka mpaka kwenye visigino. Alitamani nchi ipasuke. Maisha yake yote alikuwa amelitaja jina lile kwa kunong'ona, nalo leo linaitwa uani kama la mtu aliyechelewa. Na bado, aibu juu ya aibu, kwa sekunde moja alijikuta anageuza shingo kuangalia mlango.

Akaita mara ya tatu. Akaingia mbuzi wa mtu, akafukuzwa.

"Hakuitika, Mheshimiwa," tarishi alisema, na sauti yake ilikuwa imepwaya.

Mwanasheria wa Wizara alisimama akirekebisha joho. "Mheshimiwa Hakimu, mdai ana shahidi mmoja. Shahidi huyo ameitwa kihalali mara tatu na hakufika. Na hata angefika, tungeomba kitambulisho. Naomba kesi itupwe. Aidha, naomba mdai aonywe kwa kumsumbua shahidi."

Hakimu akachukua muhuri, akaupulizia pumzi.

"Mheshimiwa," sauti ilitoka nyuma. "Naomba kusema."

"Wewe nani, mama?"

"Mwenye nusu ya nyumba." Siwatu alikuwa amesimama, ukili umefungwa kiunoni. "Naomba lile kufuli la Chumba cha Kupumzishia liletwe, lipasuliwe tumbo."

Mwalami alimtazama mkewe kana kwamba anamwona mara ya kwanza. Kisha mkono wake wa kulia, wenyewe, bila kuamriwa, ukakumbuka.

"Mama, kwa nini hukusema mapema?" Hakimu aliuliza.

"Ningesema juzi, Mheshimiwa, leo pangekuwa na kufuli jipya."

"Na mumeo? Hata yeye hakutuambia."

"Huyo siri ukimpa inafika msikitini kabla yake."

Mwanasheria alipinga. Alisema kulipasua kufuli la Serikali ni kuishuku Serikali. Hakimu akafunua kitabu: sheria ilikataza kumshuku Mungu, Serikali haikutajwa. Kufuli likaletwa kwa mkokoteni, askari wawili mbele, wawili nyuma. Mwalami akapewa tindo yake. Alitoa msumari wa kwanza, wa pili. Wa tatu ulimshinda kwa sababu ya macho, siyo ya mkono, na ikabidi ajifute kwa bega. Bati likafunguka. Karani wa mahakama akainama na kusoma, polepole, kama mtu asomaye jiwe la kaburi:

"Humu imelala hati ya nyumba ya kona, Kisimani. Ni ya Mwalami Kitwana na Siwatu Mbaruku. Imekuwa ya kwanza kuingia. Siku ya tarumbeta."

Ukumbi ukavuma kama mzinga uliorushiwa jiwe.

"Napinga!" Mwanasheria aliruka. "Hayo ni maandishi! Kifungu cha kwanza!"

Hakimu Sudi Mwekwa akavaa miwani, na wanaomfahamu wanasema hawajapata kumwona na uso wenye furaha namna ile, tangu siku alipogundua kosa la nukta katika katiba. "Kifungu cha kwanza," alisoma, "kinataja karatasi, wino na kalamu. Hapa naona chuma na tindo. Sioni karatasi. Sioni wino. Karani, unaona kalamu?"

"Sioni, Mheshimiwa."

"Nendeni mkailete hiyo hati."

Ililetwa. Majina ya Mwalami na Siwatu yalikuwa yamepigwa mstari, na juu yake limeandikwa jina la Chande kwa wino mbichi wa buluu ambao ulimwachia karani alama kidoleni. Hakimu aliutazama wino, akalitazama kufuli, akaukadiria mwaka wake mmoja na nusu. Akagonga muhuri: nyumba ya kona ni ya Mwalami na Siwatu.

Hapo ndipo Mwalami alipotaka kufurahi, lakini hakuwahi. Kwa maana Bi Mashavu alikuwa amemfikia kizimbani, amemshika mkono wa shati.

"Mwanangu," alisema, "na yangu umeichonga?"

Nyuma ya Bi Mashavu walisimama wengine, na wengine, mstari ule ule wa siku ya tarumbeta, kwa utaratibu ule ule, kila mmoja akimtazama mikono. Wote walikuwa wametia zao baada ya tumbo la kufuli kuzibwa. Wote walikuwa wametia kwa sababu yeye ametia.

"Kesi inayofuata!" Hakimu aliita upesi, bila kuinua macho.

Lakini hakuna aliyetoka, maana Waziri alikuwa amesimama. Alikuwa analia, na safari hii, kwa jinsi nilivyosimuliwa, pengine yalikuwa machozi yenyewe. Hakumtazama Hakimu, wala Mwalami. Alimtazama Siwatu.

"Nyumba chukueni," alisema kwa sauti ile ya samli. "Ni matofali tu. Mimi nalilia roho yako, mama. Siku ile mumeo anapigana nami kiganja, anamweka Mungu shahidi, wewe pembeni unachongesha! Niambie mbele ya watu hawa wote: ulimshuku Mungu? Ulidhani Yeye atasahau?"

Hata Mwalami alimgeukia mkewe, na si kwa ajili ya Waziri. Swali hilo ndilo lililomnyima usingizi mwezi mzima, nalo sasa lilikuwa limesemwa kwa sauti. Bi Mashavu aliachia shati lake. Wote mia nne walimtazama Siwatu, kila mmoja na karatasi yake kiganjani, kama watu wanaongojea kusomewa hukumu.

Siwatu aliufungua ukili kiunoni, akaufunga upya, akakaza fundo.

"Mungu hasahau, Mheshimiwa," alisema. "Na pamoja na hivyo, kaniwekea malaika wawili mabegani, mmoja kulia, mmoja kushoto, kutwa kucha wanaandika. Asiyesahau anaandikisha, sembuse mimi, ninayepatana na wewe?"